Seva mbili kabati moja, hazisalimiani

Basi bwana, ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni. Mliopo Dodoma mnaijua hiyo wiki, Bunge la bajeti linamalizia, mji umejaa wageni, bajaji wanataja bei kwa kukuangalia usoni, na maofisini kila mtu kainamia mahesabu maana tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa na tarehe 1 Julai unaanza mwingine. Sisi sio serikali ila kazi zetu nyingi ni za serikali kwa hiyo kalenda yao ndo kalenda yetu. Alafu kuna baridi. Watu wa Dar wanadhani huku ni jua na zabibu tu, njoo Juni saa kumi na mbili asubuhi upande bodaboda toka Nkuhungu bila koti alafu ndo tuongee.

Jumatatu hiyo ndo niko juu ya bodaboda simu ikaita, mama wa uhasibu. Huyu mama hapigagi simu hovyo. "Mwanangu uko wapi? Mfumo umekufa." Nikamwambia mama nipo njiani dakika kumi. Akasema dakika kumi zako nazijua mimi, akakata.

Kabla sijaendelea niwaelezee tulivyokaa. Tuna chumba kilichokuwa stoo zamani, ndani kuna kabati moja la chuma, ndani ya kabati kuna seva mbili. Ya juu ndo ina mfumo wenyewe, ule watu wanaoufungua kwenye brauza wakaingiza vocha na ankara. Ya chini ina databesi, PostgreSQL, kumbukumbu zote zipo humo. Zote mbili zinaendeshwa na Ubuntu, aina moja ya Linux. Ya juu IP yake, yaani anwani yake kwenye mtandao, ni 192.168.1.200, ya chini 192.168.1.201, jamaa niliyemrithi hii kazi ndo alizipa hizo namba na mimi nikaziacha hivyo hivyo, si zinakumbukika. Katikati yao kuna swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, ya porti 24, yaani matundu 24 ya kebo. Kebo kutoka seva moja hadi swichi haifiki hata mita. Yaani unaweza kunyoosha mikono ukazigusa zote mbili kwa mpigo, na asubuhi hiyo zilikuwa hazisalimiani.

Nikafika, hata chai sijanywa, nikaingia stoo. Logi ya seva ya juu, lile faili inakoandika kila kinachotokea, imejaa mstari mmoja unajirudia kama kaseti mbovu: inataka kuunganika na 192.168.1.201 porti 5432, inaambiwa "Connection refused", umekataliwa. Hiyo 5432 ndo porti ya kawaida ya PostgreSQL, na hapa porti sio tundu la swichi, ni namba ya mlango wa programu ndani ya mashine. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa IT anafanya kabla hata hajafikiri, nikapiga ping, yaani kuiuliza mashine nyingine "upo?" Kutoka ya juu kwenda ya chini. Ikajibu. Pakti zote, vile vifurushi vidogo vya data, zimerudi, hakuna hata moja iliyopotea. Nikajisemea mtandao ni mzima, tatizo ni databesi.

Sasa hapo ndo nilipojipoteza, na nitawaambia kwanini, ila acha kwanza niwape aibu zote kwa mpangilio.

Nikachomeka monita na kibodi kwenye seva ya chini. PostgreSQL inaendesha vizuri tu, haijaanguka, haijalalamika. Nikapiga ss kuona inasikiliza wapi, nikaona inasikiliza 5432 kwenye anwani zote, sio ile ya ndani peke yake ya 127.0.0.1. Fayawoli, ule ulinzi unaochuja nani aingie, nikaiangalia, ruhusa ipo. Diski ina nafasi. Nikachukua laptopu yangu nikaichomeka kwenye swichi, nikajaribu kuingia kwenye databesi kutoka laptopu, ikaingia mara moja! Nikarudi seva ya juu nikajaribu, ikakataa. Laptopu inaingia, seva ya juu inakataliwa, zote zipo kwenye swichi moja. Nikasema ahaa, basi kumbe mgonjwa ni seva ya juu. Nikaanza kumpekua huyo naye, fayawoli yake, mafaili ya mipangilio, nikasoma mpaka vitu nilivyoviandika mwenyewe mwaka juzi nikavishangaa.

Wakati huo mlango wa stoo unafunguliwa kila dakika tano. Mtu anachungulia, hasemi kitu, anakuangalia tu, anaondoka. Hakuna kitu kinachoharibu akili ya fundi kama hicho. Afadhali atukane.

Nilipoishiwa mawazo nikaingia kwenye dini ya wote, kubadilisha kebo. Na Dodoma kebo huwa inapata kesi isiyo yake kirahisi sana, maana vumbi letu mnalijua, ukifungua swichi Juni unakuta ndani kama mtu kamwaga unga wa mhogo. Nikapuliza vumbi, nikakrimpi, yaani nikabana, vichwa vipya viwili vya kebo, nikabadilisha na porti. Nakumbuka niliangalia zile taa za swichi zinavyopepesa, porti ya 1, ya 2, ya 5, ya 17, nikasema safi, swichi iko hai. Hiyo ya 17 iwekeni pembeni, tutairudia.

Nikaiwasha seva ya juu upya. Ikapanda, ikakataliwa tena. Nikapoa. Nikaiwasha upya kwa mara ya pili, na safari hii ikapanda na mfumo ukafunguka! Kule uhasibu nikasikia watu wanashangilia kabisa. Nikaangalia saa, ilikuwa saa nne na dakika kama tatu hivi. Bosi akapita akanipiga begani, "safi sana kijana, ilikuwa nini?" Nikamwambia kebo, bosi, vumbi lilikuwa limeingia kwenye vichwa. Nilimwambia hivyo uso mkavu kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa naamini.

Nikaenda kwa mama ntilie kunywa chai na chapati mbili. Chapati ya pili sijaimaliza, simu. Mama wa uhasibu. "Mwanangu ile kebo yako imepata vumbi tena." Saa nne na nusu.

Sitaki kusimulia mchana wote ule, nilikuwa naparamia tu kama kuku aliyekatwa kichwa. Nitaje jambo moja: saa saba na kitu mfumo ukarudi wenyewe, mimi sijagusa chochote, niko nimekaa juu ya ndoo naangalia ukuta. Ukafanya kazi mpaka saa nane, ukafa. Hapo ndo nilipoogopa kweli, maana kitu kikifa ukakifufua unaweza kujidanganya kwamba we ni fundi, ila kikifufuka chenyewe na kufa chenyewe maana yake kuna kitu kingine kinaendesha mambo na we ni mtazamaji.

Usiku nimelala siwezi kulala, ndo ikanijia ile neno, refused. Kakataliwa. Hivi nani kakataa?

Nieleze hapa kidogo kwa wanaoanza hii kazi, maana mimi nilifundishwa hili chuoni nikalijibu vizuri kwenye mtihani na bado likanipita. Ukienda kwa mtu ukapiga hodi, kuna mambo matatu. Anafungua. Au kunakuwa kimya, unagonga unagonga mpaka unachoka unaondoka. Au mtu anatoa kichwa dirishani anakwambia hapa hakuna mtu wa hilo jina. Ile ya kimya ndo mnaiona kwenye skrini kama muda umeisha, na kimya kinaweza kuwa kebo imekatika, seva imezima, au fayawoli inatupa pakti zako chini bila kukujibu. Lakini kukataliwa ni kitu tofauti kabisa. Kukataliwa maana yake pakti yako ya kuomba kuunganika, wanaiita SYN, imesafiri ikafika kwenye mashine fulani, ile mashine ikaangalia kwenye hiyo porti ikaona hakuna programu inayosikiliza, ikakurudishia RST, yaani nenda zako. Au kuna fayawoli iliyopangwa ikatae kwa sauti badala ya kukaa kimya. Vyovyote iwavyo mtu kakujibu. Kebo iliyokufa haiwezi kukukatalia! Kwa hiyo ningeelewa lile neno moja saa mbili asubuhi nisingekrimpi hata kichwa kimoja. Na hata lile faili la ruhusa la PostgreSQL nililolipekua nusu saa lisingeweza kuleta hilo neno, maana lenyewe likikunyima linakunyima likiwa limeshakupokea, linakwambia kabisa wewe wa anwani fulani huna ruhusa.

Sasa kama databesi inasikiliza kwenye 5432, na fayawoli imefunguliwa, na bado kuna mtu anasema "hapa hakuna databesi", basi labda huyo anayesema sio seva yangu.

Nilikaa kitandani. Mke wangu akauliza vipi, nikamwambia kuna mtu kwenye mtandao anajifanya seva. Akasema lala.

Jumanne nikafika mapema, saa moja na nusu... haya, saa mbili kasoro, nikaingia stoo moja kwa moja. Monita na kibodi kwenye seva ya chini, nikafungua tcpdump isikilize kila kinachoingia kuelekea porti 5432. Hii ni programu inayokuonyesha pakti zenyewe zinavyopita, haisimuliwi, inaona. Alafu kwenye laptopu nikaingia seva ya juu nikaanza kugonga: nc -vz 192.168.1.201 5432. Imekataliwa. Tena. Imekataliwa. Tena. Imekataliwa. Nikageuka kwenye monita ya seva ya chini.

Kimya. Hakuna hata mstari mmoja.

Yaani seva ya juu inagonga mlango, inatukanwa, inarudi, na mwenye nyumba yuko ndani hajasikia hata hodi. Jamani nilisisimka mwili. Nikajaribu kutoka laptopu, mistari ikamwagika kwenye tcpdump, laptopu inafika. Seva ya juu haifiki. Inafika kwa mwingine.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Kwenye seva ya juu nikaandika ip neigh, hii inakutolea orodha ya majirani, kila IP na MAC yake. MAC ni ile namba ya kiwandani ya kadi ya mtandao, herufi na tarakimu 12, na sita za mwanzo zinamtambulisha aliyetengeneza. Seva zetu zilinunuliwa pamoja kwa hiyo MAC zake zinaanza sawa kabisa kama watoto wa baba mmoja. Hii iliyoandikwa mbele ya 192.168.1.201 ilikuwa inaanza tofauti. Nikaenda kwenye seva ya chini nikaangalia MAC yake halisi, nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kama mtu anahakiki tiketi. Hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo kuna vitu viwili ofisini vinavyojiita 192.168.1.201.

Na ping? Ping ilikuwa inasema kweli siku zote. Jina la ping limetokana na mlio wa sona, ule wa kwenye nyambizi, aliyeitengeneza ni Mmarekani Mike Muuss, Desemba 1983, na ndivyo sona inavyofanya kazi: unapiga mlio, ukirudi ujue kuna kitu mbele. Haikwambii kama ni nyambizi au nyangumi. Mimi nilipiga mlio, nyangumi akajibu, nikaandika nyambizi. Na dalili ilikuwepo hapo hapo kwenye skrini, maana seva hizi zikiwa salama ping inarudi kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, kama 0.3 hivi, na ile Jumatatu ilikuwa inarudi kwa mbili, mara tatu. Mita moja ya kebo! Niliona zile namba kwa macho yangu haya, nikazipita.

Shida ni kwamba huu mtandao wetu wa ndani unaaminiana sana. Mashine ikitaka kupeleka pakti kwa jirani inapaza sauti kwa wote, "nani 192.168.1.201?", na yeyote atakayejibu "mimi" anaaminiwa, hakuna anayeomba kitambulisho. Hiyo ndo ARP, ni ya mwaka 1982, enzi hizo mtandao ni wa watu wanaojuana. Nenda soko la Majengo uite "Mazengo!" uone watageuka wangapi. Anayewahi ndo anaandikwa. Laptopu yangu ilipochomekwa ikauliza, safari hiyo seva halisi ikawahi kujibu, ikaandikwa hiyo. Seva ya juu yenyewe ilikuwa imeshaandika jirani wa uongo, na kwa vile huyo wa uongo kila akiulizwa anajibu yupo, haikuwa na sababu ya kumfuta. Windows huwa inapiga kelele ikigundua kuna mwenzake wa IP hiyo hiyo, hii Ubuntu yetu ilinyamaza tu kama mgeni msibani.

Sasa ni nani? Nikiwa bado kwenye seva ya juu nikapiga curl kwenda 192.168.1.201, yaani kama kufungua ukurasa wa wavuti, kwa seva yetu ya databesi hakuna kitu kama hicho. Ikarudisha ukurasa! Unaomba jina na neno la siri, na juu kuna jina la kampuni inayotengeneza mashine za kusaini kwa kidole.

Nikatoka stoo mpaka uwani, nikasimama, nikaangalia getini.

Ipo pale. Nyeusi, ndogo kama simu ya mezani, imebandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuiwekea kidole asubuhi ile ile, na Jumatatu pia. Dada wa utumishi alitutangazia Ijumaa kwamba kuanzia Jumatatu daftari la mahudhurio limekufa, mtu asaini kwa kidole, mimi nikaitikia kama wote na wala haikunipitia kichwani kuuliza imeunganishwa wapi. Kumbe fundi kaja Ijumaa jioni tumeshaondoka, kakuta ile kebo ya zamani ya kamera ya getini iliyokufaga, ambayo upande wa pili bado imechomeka kwenye swichi, porti ya 17. Akachomeka mashine yake pale, taa ikawaka, kazi imeisha, kaondoka. Ndo maana kwenye kabati sikuona kebo mpya hata moja, niliona taa tu ya porti iliyokuwa imekufa inapepesa, nikaisifia.

Na IP? Hakuandika yeyote. Hizi mashine za aina ile zinatoka kiwandani zikiwa tayari zina 192.168.1.201. Mtu wa kabla yangu aliichagua 201 kwa akili yake, kiwanda nacho kikaichagua kwa akili yake, wakaja kukutana Dodoma kwenye ofisi ya watu wasiojua lolote. Nilirudi seva ya juu nikajaribu porti 4370, ndo porti hizo mashine zinazotumia kuongea, ikafunguka bila kinyongo.

Limebaki swali moja sasa, kwanini saa nne mfumo unarudi? Na hapa nikiri kwamba nilichelewa kuunganisha kwa sababu ya kijinga, logi inaandika 10:02 na 10:31, kichwa changu kikiwa kazini kinafikiri hivyo hivyo kwa lugha ya logi, kumi sifuri mbili, kumi thelathini na moja, kwangu zilikuwa namba tu. Nilipomfikia mlinzi getini ndo zikageuka kuwa saa nne.

Mlinzi wetu ni mzee wa Kigogo, mtu wa makamo yaliyopitiliza, nikamsalimia kwa ile Mbukwenyi yangu ya kubahatisha, huwa inamchekesha, alafu nikaongeza shikamoo ya uhakika.

"Marahaba mwanangu, mbona mbio?"

"Mzee, hii mashine huwa unaizima?"

Akakunja uso. "Siizimi mimi. Nani kasema naizima?"

"Hapana mzee nauliza tu."

"Nachomoa tu. Soketi hii ilikuwa yangu, wamekuja Ijumaa wameichukua bila kuniuliza. Saa nne nachomoa naweka jagi la umeme napata chai, na baridi hili unaliona. Saa saba nachomoa naweka simu. Nikimaliza narudisha vile vile. Tena naifutaga vumbi."

Nilitaka kumkumbatia. Siku nzima na kitu nimekrimpi vichwa, nimewasha seva mara sita, nimempa bosi hotuba ya vumbi, kumbe aliyekuwa anatengeneza mtandao wa ofisi ni huyu mzee na jagi lake. Akichomoa mashine, baada ya muda mfupi seva ya juu inamtafuta jirani haimpati, inapaza sauti upya, seva halisi inajibu, mfumo unarudi. Akichomeka, mashine inapowaka inajitangaza kwa wote kwamba mimi ndo 201, seva ya juu inaandika upya, mfumo unakufa. Alikuwa na swichi ya ofisi nzima mkononi na yeye anawaza majani ya chai.

Nikampigia mama wa uhasibu nikamwambia mama jaribu mfumo. Akasema umekufa. Nikamwomba mzee achomoe. Tukasubiri, mzee kashika plagi kama kashika jogoo. Kama nusu dakika hivi mama akapiga kelele kwenye simu, "umefunguka!" Nikamwambia mzee chomeka. Mashine ikawaka, ikalia ti-ti, ikamaliza mambo yake. "We kijana umekufa tena, unafanya nini huko?" Nikamwambia mama ngoja, mzee chomoa. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu haikuwa ya lazima, ila nilikuwa nafurahi.

Kuirekebisha sasa. Kubadilisha IP ya mashine unaingia kwenye menyu, na menyu inataka msimamizi, na msimamizi aliyesajiliwa ni dada wa utumishi, kwa kidole chake. Fundi mwenyewe alikuwa ameshapanda treni ya SGR karudi Dar. Kwa hiyo dada wa watu akatolewa ofisini na upepo ule, kajifunga mtandio mpaka puani, akaja kuweka kidole, mashine ikamkataa mara mbili kwa sababu ya baridi au vumbi sijui, ya tatu ikampokea. Nikaipa 192.168.1.60. Rauta yetu inagawa IP yenyewe kuanzia 100 mpaka 180 kwa hiyo 60 iko nje ya mgao, na safari hii sikuamini ping, nilitumia arping, inauliza moja kwa moja kama kuna yeyote mwenye hiyo anwani na ikipata jibu inakuonyesha na MAC ya aliyejibu. Hakujibu mtu. Nikaiweka. Saa tatu na robo mfumo ukafunguka na mpaka naandika hapa haujafa.

Kuna rafiki yangu nilimsimulia akasema fundi wa mashine ndo mwenye kosa, ashitakiwe. Mimi sioni hivyo. Ni kweli aliiacha na namba ya kiwandani, ambayo ni uvivu. Ila mtandao wa 192.168.1 ndo rauta nyingi za bei rahisi zinakuja nao, na sisi tumeweka seva ya databesi, yaani moyo wa ofisi, katikati ya hiyo hiyo namba ambayo vifaa vingi vya dukani vinaipenda. Ni kama kujenga nyumba barabarani alafu ukalalamika magari. Na mimi nina daftari la IP, lile kaunta buku niliachiwa, ukurasa wa mwisho niliouandika ulikuwa wa printa, mwaka jana. Nimeshaanza kuzihamishia seva kwenye mtandao wao peke yao, swichi inaweza kutenganisha, ni mimi tu nilikuwa naahirisha. Na porti zote zisizo na kazi nimezizima, ya 17 nimeiandikia karatasi nikaibandika kwa selotepu. Seva ya juu nimeiwekea arpwatch, MAC ya mtu yeyote ikibadilika inanitumia barua pepe. Juzi ilinitumia saa nane usiku, nikaruka kitandani, kumbe ni laptopu ya bosi kailetea kadi nyingine ya mtandao.

Bosi nilimwambia ukweli, kwamba haikuwa kebo. Alicheka akasema basi tumpandishe mzee cheo. Hakumpandisha, ila alitoa hela ya ekstensheni, nikaenda kununua mwenyewe, yenye soketi nne. Moja ya mashine, moja ya jagi, moja ya simu. Mzee akauliza hii ya nne ya nani, nikamwambia ya kwako pia.

Tarehe 1 Julai dada wa utumishi akavuta ripoti ya kwanza ya ile mashine, akaibandika ubaoni. Waliochelewa wiki ile tulikuwa wanne. Jina la kwanza ni langu, Jumatatu, 08:26. Nimeenda kumuuliza kama inawezekana kuangalia mazingira ya siku ile, akasema mashine haidanganyi.